Unyevu wa Udongo Hupimwa, Haukisiwi

 Maelezo yetu baada ya taarifa ya habari yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni la bwana shamba peke yake, wala halimgusi mtu aliyekabidhiwa bunduki na lindo. Jambo lenyewe ni upimaji wa unyevu wa udongo katika utafiti wa mazao. Tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hili linamhusu mlinzi wa nchi kwa sababu tatu. Ya kwanza, njaa huvunja amani hata pale ambapo hapana adui mwenye silaha. Ya pili, vikosi vyetu vyenyewe vinalima, na mara nyingine vimepewa kazi ya kuwafikishia wakulima mbegu na miche. Ya tatu, mojawapo ya vyombo vinavyotumika kupima unyevu huo kina chanzo cha mionzi, na chombo cha namna hiyo kikipotea au kikivushwa mpakani bila hati, atakayekutana nacho kwanza ni askari.

Tuchukue mfano wa Masinya, katika wilaya ya Busia upande wa Uganda, wilaya iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Huko, na katika nchi yote iliyo baina ya Busia na Tororo, mpaka wa Uganda na Kenya umepita katikati ya watu walio ndugu. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso kadhalika. Wanalima mihogo, mahindi, mtama, wimbi, karanga na maharage. Mvua yao huja kwa misimu miwili: ile ndefu inayoanza karibu na mwezi wa Machi, na ile fupi inayokuja baada ya katikati ya mwaka. Kwa hesabu ya mwaka mzima mvua hiyo si haba, kwani hupita milimita 1,000. Mgeni akiiona hesabu hiyo huuliza, basi njaa yatoka wapi katika nchi yenye mvua nyingi hivyo?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha maelezo yetu. Mmea hauli mvua ya mwaka. Mmea hunywa maji yaliyomo kwenye udongo, pale mizizi yake ilipo, siku ile unapoyahitaji. Mvua ikinyesha milimita 1,200 kwa mwaka, lakini ikakatika kwa siku 15 wakati mahindi yanapotoa mbelewele, mkulima atavuna magunzi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapana budi kuongeza kwamba dalili ya mavuno haimo katika mawingu wala katika kipimamvua. Imo katika udongo.

Askari yeyote aliyewahi kufanya kazi ya ghala ataelewa jambo hili upesi. Vitu vilivyoingia mlangoni mwa ghala si sawa na vitu vilivyobaki rafuni. Mtunza ghala anayejua tu idadi ya mifuko iliyoletwa, asijue mingapi imetoka, mingapi imeharibika na mingapi ipo, siku ya safari atawaacha wenzake bila chakula. Kipimamvua ni daftari la mapokezi. Udongo ndio ghala. Baina ya viwili hivyo maji mengi hupotea. Mvua kubwa ikiangukia ardhi iliyo tupu na ngumu, sehemu yake hutiririka juu ya ardhi na kukimbilia mito ya Malaba na Sio, ikichukua na udongo wenyewe. Sehemu nyingine hugeuka mvuke kwa jua. Nyingine huzama chini kupita mizizi. Inayobaki ndiyo akiba ya mmea, nayo haijulikani ila kwa kupimwa.

Tena maghala hayalingani ukubwa. Udongo wa kichanga una chembe kubwa zilizoachana, nao hauwezi kushika maji mengi. Udongo tifutifu wenye mchanganyiko wa mchanga na mfinyanzi hushika zaidi. Udongo wa mfinyanzi hushika maji mengi sana, lakini sehemu kubwa huyabana kwa nguvu hata mizizi isiweze kuyavuta. Kwa sababu hiyo wanasayansi hutumia mipaka miwili. Wa juu ni kiasi cha maji kinachobaki baada ya udongo kulowa kabisa na kuachwa siku mbili au tatu maji ya ziada yachuruzike. Wa chini ni kiasi ambacho mmea ukikifikia hunyauka wala haurudi tena hata usiku uwe wa baridi. Maji yaliyo baina ya mipaka hiyo miwili ndiyo mali ya mkulima.

Hebu tufanye hesabu. Milimita 1 ya maji ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 10,000 kwa hekta. Udongo wa kichanga waweza kushika kiasi cha milimita 80 za maji yafaayo kwa mmea katika kina cha mita 1, na udongo tifutifu mzuri waweza kushika milimita 160. Mahindi yaliyokomaa yenye majani kamili hunywa karibu milimita 5 kwa siku katika jua letu. Mmea huanza kuumia kabla akiba haijakwisha. Tuseme huanza kuumia nusu yake inapotoweka. Basi katika udongo wa kichanga nusu ya akiba ni milimita 40, nayo yatosha siku 8. Katika udongo tifutifu nusu ni milimita 80, nayo yatosha siku 16. Mashamba mawili yaliyopata mvua ile ile, yaliyopandwa mbegu ile ile kwa siku ile ile, moja litastahimili kiangazi cha wiki 2 na jingine litakauka. Jirani atasema mwenzake amerogwa, kumbe tofauti imo ardhini. Na pale ambapo changarawe nyekundu ya marramu ipo karibu na uso wa nchi, mizizi haiwezi kushuka hata mita 1, na ghala huwa dogo zaidi.

Sasa ndugu wasikilizaji, mtafiti wa mazao anaingiaje hapa? Kazi yake ni kutafuta mbegu bora. Hupanda aina nyingi kwa safu, huvuna, hupima, kisha husema hii yafaa na hii haifai. Lakini ikiwa aina ya kwanza ilikuwa kwenye udongo wa kina kirefu, na ya pili ilikuwa juu ya marramu, hukumu yake itakuwa ya dhuluma. Atakuwa ameusifu udongo akidhani anaisifu mbegu. Ndiyo maana uchunguzi wa mbegu zinazostahimili ukame haukamiliki bila kujua, kwa tarakimu, ukame ule ulikuwa mkubwa kiasi gani na ulianza siku gani.

Mfano wa karibu ni ule mpango wa mahindi yanayotumia maji kwa uangalifu, ulioanza mwaka 2008 na kuzishirikisha Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa upande wetu majaribio yalifanyika Kiboko katika Ukambani, Mubuku huko Kasese, na Makutupora karibu na Dodoma. Yalichaguliwa maeneo makavu yenye maji ya kumwagilia. Sababu yake ni wazi. Mtafiti hupanda wakati usio wa mvua, humwagilia mpaka mahindi yakaribie kuchanua, kisha hufunga maji kwa makusudi ili aone ipi itavumilia. Katika sehemu yenye mvua za mara kwa mara kama Masinya jaribio la namna hiyo ni gumu, kwa kuwa mvua yaweza kuingia usiku na kuharibu kazi ya miezi. Walakini mbegu iliyochaguliwa Kiboko hapana budi ije kujaribiwa tena katika udongo wa Busia, na huko nako unyevu upimwe, la sivyo hatutajua kama imeshinda kwa uvumilivu au kwa bahati ya mvua. Kituo cha Alupe, Busia upande wa Kenya, na kile cha Serere katika Teso ya Uganda, ni vituo vya karibu vinavyoshughulika na mazao ya wananchi hawa, kama vile mtama na wimbi.

Elimu hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, palianzishwa huko Muguga, karibu na Nairobi, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la nchi zetu zote tatu. Mmoja wa viongozi wa utafiti wa maji na udongo hapo alikuwa Charles Pereira, ambaye wakati wa vita alikuwa katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza. Yeye na wenzake walipima mvua, mtiririko wa vijito na unyevu wa udongo katika mabonde ya Kericho na Kimakia nchini Kenya, Mbeya nchini Tanganyika, na Atumatak katika Karamoja, Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 1962. Kule Namulonge, Uganda, Hutchinson, Manning na Farbrother walichunguza mahitaji ya maji ya pamba, na taarifa yao ikatoka mwaka 1958. Shirika la Muguga lilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977, na kila nchi ikaendelea na vituo vyake.

Na gharama ya kutopima pia tunaijua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, ukianzia Kongwa. Ulipangwa kufika zaidi ya ekari milioni 3. Waliouendesha walikuwa wengi wao ni wanajeshi waliotoka vitani, na hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Nidhamu ilikuwepo, mashine zilikuwepo na fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni kuifahamu ardhi na mvua yake kabla ya kuanza. Mvua ya Kongwa ilikuwa si ya kutegemewa, na udongo wake ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji hata karanga zikashindikana kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika waliopiga kambi Kongwa tangu miaka ya 1960 waliyakuta mahali hapo mabaki ya vita hiyo iliyoshindwa na udongo.

Unyevu hupimwaje basi? Njia iliyo mama wa njia zote ni ya mizani na tanuri. Mpimaji huchukua keekee ya udongo, hutoboa mpaka kina anachotaka, na kutoa sampuli. Sampuli huwekwa katika kopo lenye kifuniko ili isipoteze maji njiani. Hupimwa uzito ikiwa mbichi, hukaushwa katika tanuri lenye joto la digrii 105 kwa muda wa saa 24, kisha hupimwa tena. Uzito uliopungua ndio maji. Ikiwa sampuli mbichi ilikuwa gramu 125 na kavu ni gramu 100, basi maji ni gramu 25, yaani asilimia 25 ya uzito wa udongo mkavu. Ili kuyageuza kuwa milimita, yapasa kujua pia uzito wa udongo huo kwa ujazo wake, kwa sababu udongo ulioshindiliwa na udongo uliolegea si sawa.

Njia hiyo ni ya kweli, lakini ina kasoro mbili. Ni ya polepole, na kila mara huacha shimo. Mahali palipokwisha tobolewa hapawezi kupimwa tena kesho. Tena shamba si sare: karibu na kichuguu udongo ni mwingine, karibu na mti ni mwingine. Kwa hiyo sampuli moja haitoshi. Huchukuliwa nyingi kwa kupita shamba lote, na wastani hutafutwa.

Kwa sababu hizo vikatengenezwa vyombo vya kukaa shambani. Mwaka 1940 Bouyoucos na mwenzake huko Michigan, Marekani, walieleza kipande cha jasi chenye nyaya mbili ndani yake. Kipande huzikwa ardhini, nacho hulowa au kukauka pamoja na udongo unaokizunguka. Kikilowa, umeme hupita kwa urahisi. Kikikauka, umeme hupita kwa shida. Ni rahisi na bei yake si kubwa, ingawa jasi huyeyuka baada ya muda. Kipo pia kile kiitwacho tensiometa: bomba lililojaa maji, chini lina kikombe cha ufinyanzi, juu lina saa ya kupima mvuto. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia kikombe, na mshale wa saa huonyesha mmea unatumia nguvu gani kupata maji. Hicho hufaa udongo ulio na unyevu. Ukikauka sana, hewa huingia na chombo huacha kusema kweli.

Mwaka 1980 Topp, Davis na Annan wa Kanada walitoa kanuni ya njia nyingine. Msukumo wa umeme hupelekwa katika fito za chuma zilizochomekwa ardhini, na muda wake wa kwenda na kurudi hupimwa. Kadiri maji yalivyo mengi ndivyo msukumo unavyochelewa. Vyombo vingi vya leo vyenye betri na kibao kidogo cha jua vimejengwa juu ya elimu ya namna hiyo, navyo huandika vipimo vyenyewe mchana na usiku. Zaidi ya hapo, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2009 na ya Marekani iliyorushwa mwaka 2015 zilibuniwa kupima unyevu kutoka angani. Hizo hufaa kutoa onyo la ukame kwa nchi nzima. Lakini huona sentimita 5 tu za juu, na jicho lake huchanganya eneo la kilomita nyingi, mlima na bonde pamoja. Haziwezi kumwambia mkulima wa Masinya hali ya shamba lake. Na kila chombo, kiwe cha bei gani, hulinganishwa kwanza na mizani na tanuri katika udongo ule ule kitakapotumika. Bunduki isiyolengeshwa haifai vitani hata iwe mpya, na chombo kisicholinganishwa hakifai shambani.

Tumeacha chombo kimoja kwa makusudi, kwa kuwa kinawahusu ninyi hasa. Nacho ni kipimo cha nyutroni, kilichoanza kutumika katika kilimo miaka ya 1950. Ndani yake mna chanzo kidogo cha mionzi, aghalabu mchanganyiko wa amerisiamu na beriliamu. Mpimaji hukishusha katika bomba la alumini lililozikwa shambani. Chanzo hutoa nyutroni zenye mwendo mkali. Zikigonga haidrojeni, ambayo katika udongo hupatikana zaidi ndani ya maji, hupunguza mwendo, na chombo huzihesabu zile zilizopungua. Zikiwa nyingi, maji ni mengi. Sifa yake ni kwamba hupima mahali pale pale kwa miaka, kwa vina mbalimbali, bila kuchimba upya. Ndiyo maana vituo vya utafiti duniani vilikitegemea kwa miongo mingi.

Hatari yake ni kwamba chanzo hicho hakizimwi. Amerisiamu hupungua nusu ya nguvu zake baada ya miaka 432. Chombo kilichosahauliwa stoo kitamzidi umri mtunzaji wake, na wajukuu zake pia. Katika mikono ya fundi aliyefunzwa, na kikiwa ndani ya kinga yake, ni salama. Kikiibwa na kupasuliwa na mtu anayetafuta chuma chakavu, ni balaa. Dunia ililiona jambo la namna hiyo mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, Brazil. Wakusanya vyuma waliingia katika kliniki iliyoachwa, wakatoa chanzo cha mionzi katika mashine ya matibabu, wakakivunja. Watu 4 walikufa, na zaidi ya 100,000 wakalazimika kupimwa. Chanzo kile kilikuwa na nguvu nyingi kupita vile vya mashambani, lakini funzo ni moja.

Kwa hiyo askari aliye zamu Busia, Malaba au katika njia za panya yampasa kujua mambo machache. Alama ya mionzi ni mapanga matatu meusi yanayozunguka kitovu, aghalabu juu ya rangi ya manjano. Shehena halali ya chombo hicho huwa na hati, kibali na sanduku lake maalumu. Uganda ilitunga sheria ya nishati ya atomiki mwaka 2008, na Kenya sheria ya udhibiti wa nyuklia mwaka 2019. Wenye chombo hawana udhuru wa kutokuwa na kibali. Chombo kikikutwa bila mwenyewe, au sanduku likiwa limevunjika, lisifunguliwe, lisiguswe wala lisipakiwe garini kupelekwa kituoni kama kielelezo cha kawaida. Watu wasogezwe mbali, kwa uchache mita 30, mahali palindwe, na taarifa ipelekwe mara moja kwa mkuu wa kituo na mamlaka inayohusika na mionzi. Aliyekigusa asile wala asivute sigara mpaka apimwe. Siku hizi ipo njia iliyoelezwa mwaka 2008 na wataalamu wa Arizona, Marekani, inayohesabu nyutroni zitokazo na miale ya angani, bila chanzo chochote chombo kinachobeba. Nayo hupima eneo la zaidi ya mita 100 kila upande. Lakini vyombo vya zamani bado vipo duniani, na ulinzi wake hauna likizo.

Ulinzi wa vyombo visivyo na mionzi nao si mdogo. Kibao cha jua, betri na waya wa shaba humvutia mwizi. Mwizi hupata fedha za siku moja, bali taifa hupoteza kumbukumbu ya msimu ambao hautarudi tena, kwa sababu unyevu wa wiki iliyopita hauwezi kupimwa leo. Polisi anayepita doria karibu na kituo cha hali ya hewa au shamba la majaribio analinda ghala la chakula cha miaka ijayo.

Tena askari asidhani kwamba unyevu ni habari ya mkulima peke yake. Dereva wa kikosi anajua kwamba barabara ya udongo mweusi iliyopitika jana yaweza kumeza lori leo. Wahandisi wa jeshi la Marekani huko Vicksburg, Mississippi, baada ya Vita vya Pili vya Dunia walitengeneza fimbo yenye ncha ya koni ya kusukumwa ardhini, ili kujua kabla ya safari kama ardhi itabeba magari au haitabeba. Udongo ni ule ule, na maji ni yale yale.

Sasa tuje kwenye mashamba ya vikosi na magereza. Mwaka 2013 Uganda ilianzisha mpango uitwao Operation Wealth Creation, na wanajeshi wakapewa jukumu la kusambaza mbegu na miche kwa wananchi. Kazi ilikuwa kubwa. Malalamiko yaliyosikika katika baadhi ya sehemu yalihusu wakati: miche ilifika mvua imekwisha, ikapandwa katika udongo mkavu, ikafa. Lori lilifika salama na hesabu ya miche ilitimia, lakini shabaha haikupigwa. Laiti kabla ya kila msafara udongo ungalichunguzwa, jasho lile lisingalipotea.

Na uchunguzi huo wawezekana hata pasipo maabara. Chimbeni mashimo matano au sita sehemu mbalimbali za shamba, mkikwepa vichuguu, mpaka kina cha sentimita 30. Changanyeni udongo wa kina chote, mpime gramu 500. Ukausheni katika sufuria juu ya moto wa polepole, mkiugeuza, mpaka uzito uache kupungua. Tuseme umebaki gramu 430. Maji ni gramu 70, ambayo ni asilimia 16 ya udongo mkavu. Ikiwa udongo huo una uzito wa gramu 1.4 kwa kila sentimita ya ujazo, kina hicho cha sentimita 30 kina milimita 68 za maji. Ikiwa mpaka wa kunyauka ni milimita 30, akiba ya kweli ni milimita 38, na nusu yake ni 19. Mimea michanga ikinywa milimita 3 kwa siku, mnazo siku 6 hivi za usalama. Kama utabiri wasema mvua itachelewa wiki 2, subirini kupanda, au tandazeni majani makavu kupunguza mvuke. Hesabu hii si kamili kama ya tanuri, lakini yashinda kukisia kwa mbali.

Ndugu wasikilizaji, mpaka wa Busia na Tororo hauzuii wingu wala njaa. Mavuno yakikosekana upande mmoja, mahindi huvuka usiku, bei hupanda, magendo hushamiri, vijana huacha makwao, na ugomvi wa mifugo na maji huongezeka. Hapo ndipo askari huitwa, akiwa amechelewa, kuzima moto ulioanza miezi mitatu nyuma ndani ya udongo uliokauka bila mtu kuutazama. Mwenye kupima huonya mapema, na mwenye kuonywa mapema hupanga chakula badala ya kupanga doria.

Basi tunawahimiza makamanda na wakuu wa vituo walio karibu na vituo vya utafiti wajuane na watafiti hao, wajue vyombo vyao viko wapi, na waulize vipi vina mionzi. Tunawahimiza wasimamizi wa mashamba ya vikosi waweke daftari la unyevu kando ya daftari la mvua. Na tunamhimiza kila askari mwenye shamba nyumbani ashike jembe achimbe sentimita 30 kabla ya kumwaga mbegu. Mlinzi mwema hategemei kuambiwa kwamba mambo ni shwari. Huenda akajionea mwenyewe.

Hayo ndiyo maelezo yetu.